Kidani kipana cha Kimisri: kwa nini kinasimama kama sahani, na kinavyotungwa

Swali: Natunga shanga Arusha. Bibi harusi mmoja ameniagiza kidani kipana "cha Cleopatra" alichokiona kwenye picha. Nimetunga safu saba za shanga za kioo kwenye waya mwembamba, upana wa sentimita 12 kutoka shingoni. Akikivaa kinasimama kama sahani, hakigusi mabega, na akiinama kinaserereka mbele chote. Nikakifumua, nikakitunga upya kwa uzi wa kuvulia samaki. Safari hii kimejikunja kuelekea juu kama bakuli. Nakosea wapi? Na ni kweli Wamisri wa kale walivaa hivi, au ni mambo ya sinema?

Jibu: Dada, umefanya makosa mawili yasiyohusiana, na la kwanza limetokana na kuijua vizuri kazi nyingine. Kidani cha Kimasai cha duara bapa hujengwa juu ya waya kwa makusudi. Kinatakiwa kibaki bapa, kirukeruke mabegani anayekivaa anapocheza. Kidani cha Kimisri, ambacho Wamisri wenyewe walikiita wesekhi, yaani "kipana", kiko karibu zaidi na kitambaa. Hakina waya ndani. Ukikishika kwa ncha moja kinaning'inia kama mtandio, na ukikilaza begani kinafuata mwili. Wapo wanaopenda kusema kimoja kimezaliwa na kingine kwa kuwa vyote ni vya duara na vya rangi, lakini ukivigeuza ukatazama jinsi uzi unavyopita, unaona ni mafundi wawili waliokuwa wakitatua matatizo mawili tofauti.

Kwa hiyo waya uondoke. Uzi wa kuvulia samaki nao uondoke, kwa sababu ule ni uzi mmoja mgumu unaokumbuka umbo la kibiringo ulichotoka. Kila safu yako inajaribu kurudi kuwa kiduara kidogo, na safu saba zikivuta pamoja, kidani hakilali. Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, au ukikosa huo, uzi wa nailoni wa kusokotwa, ule wanaoutumia mafundi viatu, lakini mwembamba. Uzungushe kwenye kidole kisha uuachie: ukianguka na kulala, unafaa.

Uzi peke yake hauwezi kulimaliza bakuli, maana bakuli limetokana na hesabu. Duara likipanuka sentimita moja kutoka katikati, mzingo wake huongezeka sentimita 6.28, liwe dogo au kubwa. Wesekhi haizunguki duara zima. Huacha nafasi nyuma ya shingo ambapo kamba hufungwa, hivyo hushika kama robo tatu. Robo tatu ya 6.28 ni 4.7. Maana yake, kila sentimita moja unayoshuka kutoka shingoni, uzi wa mlalo lazima urefuke kwa sentimita 4.7, kama kidani kitalazwa mezani. Mabega hayako bapa kama meza, huteremka kidogo, kwa hiyo mwilini 4.4 hutosha.

Chukua kidani chako cha upana wa sentimita 12. Safu ya ndani, ikikaa sentimita 6.5 kutoka katikati ya shingo, ina urefu wa karibu sentimita 31. Ya nje inatakiwa iizidi kwa sentimita 53, yaani ifike kama 84. Pima yako kwa futi ya fundi cherehani. Ukikuta tofauti ni 30 au 35, usiendelee kutafuta mchawi: ukingo wa nje ni mfupi, unakaza, na kinachobaki ni kupanda juu. Ukikuta tofauti imefika 70, ukingo utakuwa na mawimbi kama marinda. Anayefuma kofia kwa uzi anaijua hali hii bila kuhitaji hesabu.

Sasa, nyongeza hiyo inatoka wapi wakati shanga zote zina ukubwa mmoja? Hapa Wamisri walikuwa na akili sana, na jambo hili huwezi kuliona kwenye picha ya mtu aliyevaa. Katika vidani vya Amarna, mji wa Farao Akhenaten, miaka ya 1300 kabla ya Kristo, kila pambo lenye umbo la petali, jani au kichala cha tende lina vipete viwili, kimoja juu na kimoja chini. Uzi mmoja unapita kwenye vipete vyote vya juu, mwingine kwenye vya chini. Kati ya kipete na kipete hukaa shanga ndogo bapa. Juu ziwe chache, chini ziwe nyingi, na safu nzima inafunguka kama upepeo.

Kwa vipimo vyako: safu ya mapambo 60 yenye kimo cha sentimita 2 inahitaji uzi wa chini uzidi wa juu kwa sentimita 8.8. Shanga ya kioo ya saizi 11 hula takriban milimita 1.4 za uzi. Gawanya, unapata shanga 63 za ziada. Mapambo ni 60, kwa hiyo kanuni yako ni rahisi: chini weka shanga moja zaidi ya zilizo juu kwenye kila nafasi, kisha sambaza tatu zilizobaki moja kulia, moja kushoto, moja katikati. Usizirundike mahali pamoja, patatokea nundu. Kama shanga zako ni za mrija ulionyooka, zisizo na vipete, pitisha uzi ndani ya mrija kwenda chini, ingia kwenye shanga ndogo ya mlalo, panda na mrija unaofuata. Hesabu ni ileile. Ila mirija ya kioo iliyokatwa kwa mashine huwa na kingo kali kama wembe, na hukata uzi polepole, hasa kwenye safu ya nje inayobeba mtikisiko wote. Weka shanga ndogo ya duara kila mwisho wa mrija ili uzi usigeukie kwenye kingo, na mirija iliyovunjika nusu itupe, usiihurumie.

Kabla ya kutunga chochote, kata kielelezo cha gazeti, kivalishe bibi harusi mwenyewe au mtu wa mabega kama yake, kibane kwa pini hadi kilale, kisha kirudishe mezani na upime kila mstari. Mabega ya kuteremka sana yanataka 4.2, ya kunyooka yanataka 4.6. Saa moja ya gazeti inaokoa siku tatu za kufumua.

Kuserereka mbele ni tatizo jingine. Upande wa mbele ni mpana na mzito, nyuma kuna kamba tu, basi kikiachwa lazima kitelemke kifuani. Wamisri walining'iniza nyuma, katikati ya mabega, uzito uliotungwa kwa shanga zilezile, ulioitwa mankheti. Picha za siku hizi hupigwa kwa mbele, kwa hiyo wanaoiga huusahau. Tengeneza mfuko mdogo wa kitambaa, ufunge kwenye kamba ya nyuma, tia shanga gramu 50, mwambie mvaaji ainame na kuinuka, ongeza kumi kumi mpaka ukingo wa ndani ubaki kwenye kile kishimo cha shingo, kati ya mitulinga. Uzito utakaoupata ndio uutungie mankheti yenyewe.

Mwishoni mwa safu, nyuzi zote huingia kwenye vichwa viwili vya nusu duara, kimoja kila upande. Vidani vya watu wakubwa zaidi vilikuwa na vichwa vya kozi, ndege wa mungu Horus. Upande ulionyooka wa kichwa una tundu moja kwa kila safu. Nyuzi zinapita ndani na kutokea upande wa mviringo, ndipo zinasokotwa kuwa kamba ya kufungia. Wewe tumia shaba nyeupe, pembe ya ng'ombe au mbao ngumu. Toboa kwa keekee ya milimita 1.2, na lainisha midomo ya matundu kwa msasa mpaka uzi uteleze. Kidani kikikatika, mara nyingi hukatikia hapo, kwenye mdomo wa tundu, kwa sababu uzi wote hukunjwa pembe moja kila mvaaji anapogeuza kichwa.

Kama bibi harusi wako atacheza usiku kucha, unaweza kushonea kidani chote juu ya ngozi laini au kitambaa kizito kilichokatwa kwa kielelezo kilekile. Wenye ushamba wa ufundi watakuambia huo ni udanganyifu. Mwaka 1907 katika Bonde la Wafalme, kwenye makaburi ya mafarao, kulichimbuliwa shimo lenye mitungi ya masalia ya mazishi ya Tutankhamun, farao aliyekufa kijana, na ndani yake vidani vya maua halisi: majani ya mzeituni, petali za yungiyungi la buluu, matunda madogo mekundu na shanga za buluu, vyote vimeshonewa juu ya karatasi ya mafunjo. Kuweka kitu nyuma ni kwa zamani kuliko sote. Na vidani hivyo vya maua ndivyo vinavyoeleza umbo la vile vya shanga: ni shada la karamu lililofanywa lisinyauke.

Hapo nimeshaanza kulijibu swali lako la pili. Ndiyo, walivaa, na muda mrefu kabla ya huyo Cleopatra. Sanamu ya bibi Nofret iliyopatikana Meidum, ambayo iko Kairo, imemvika kidani kipana tangu takriban miaka 2600 kabla ya Kristo. Cleopatra wa saba, huyu wa sinema, alifariki mwaka 30 kabla ya Kristo, na kwenye sarafu zake amesukwa Kigiriki. Hata bangili ya nyoka anayejizungusha mkononi, ambayo kila duka huiita ya Kifarao, ni mtindo ulioshamiri zama za Wagiriki na Warumi. Nyoka wa mafarao alikaa kwenye paji la uso. Kikundi cha vito kinachofaa kukitazama kwa makini ni cha Wah, msimamizi wa mali za tajiri mmoja wa Thebes, aliyezikwa takriban miaka 1980 kabla ya Kristo. Maiti yake ilipigwa eksirei, vito vikaonekana chini ya vitambaa, na mwaka 1940 ikafunguliwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kidani chake ni cha mirija iliyosimama, rangi ya buluu-kijani tupu, hakina dhahabu wala kito. Ni kizuri kuliko vingi vilivyojaa dhahabu.

Hiyo buluu-kijani ni fayansi. Si udongo wa mfinyanzi na si kioo; ni unga wa kwatzi au mchanga mweupe uliogandishwa kwa magadi na chokaa, ukatiwa rangi kwa shaba. Wamisri waliiita chehenet, kinachometa. Magadi yao yalitoka Wadi el-Natrun, bonde moja la Misri, na neno hilo la natrun ndilo lililopewa Ziwa Natron hapo kaskazini kwenu. Ukitaka kufinyanga shanga zako mwenyewe, anza majaribio kwa uzito huu: unga laini wa kwatzi 80, magadi safi ya dukani 8, chokaa ya unga 5, kaolini (udongo mweupe) 5, kaboneti ya shaba 2. Tia maji kidogo kidogo. Ule mchanganyiko ni mkorofi, unavunjika kama sukari mbichi, kwa hiyo usiuvute. Viringisha juu ya kijiti na ukate. Zikikauka taratibu, magadi hupanda juu na kuacha ukungu mweupe wa chumvi. Ukungu huo ndio utakaoyeyuka kuwa mng'ao, ukiugusa kwa kidole shanga itatoka motoni na alama ya kidole isiyong'aa. Zitunge kwenye waya wa nikromu, unaostahimili moto, ili zisiguse tanuri, choma kati ya nyuzijoto 900 na 950. Zikipita hapo zinayeyuka na kushikana. Zisipofika, zinabaki chokaa inayochafua nguo. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu kabisa, vaa barakoa inayoziba vizuri na usipepete kavu, na shaba isiingie jikoni.

Kuhusu rangi nitasema machache. Buluu iliyokolea ni lapisi lazuli, jiwe lililosafiri kutoka Badakhshan, Afghanistan. Buluu-kijani ni feruzi ya Sinai au fayansi. Nyekundu ni akiki ya jangwa la mashariki. Dhahabu ilitoka jangwa hilohilo na Nubia. Nyeusi na dhahabu tupu, ambayo imejaa kwenye mavazi ya sherehe, ni ladha ya sinema. Almasi, yakuti na johari za buluu hazimo. Zumaridi iliingia mwishoni sana, zama za Waptolemi, ukoo wa Kigiriki wa huyo Cleopatra.

Ndiyo maana vito vya Paris vya miaka ya 1920 vinachekesha kidogo ukivijua. Kaburi la Tutankhamun liligunduliwa Novemba 1922, na kufikia 1924 Van Cleef & Arpels walikuwa wakiuza bangili bapa zenye watu wa Kimisri waliochorwa kwa upande, zimejaa almasi, zumaridi na yakuti juu ya platinamu. Lakini jeneza la ndani la Tutankhamun halikufunguliwa hadi Oktoba 1925, na vito alivyovikwa mwilini vilianza kuonekana mwezi uliofuata. Kwa hiyo sonara wa Paris hakuwa akiiga vito alivyozikwa navyo mwilini kijana huyo. Alikuwa akiiga michoro ya ukutani na vitu vilivyokuwa kwenye makumbusho tangu karne iliyotangulia. Cartier walikwenda njia nyingine: walichukua vipande halisi vya fayansi ya kale, kama mabawa ya skarabu, yule mende mtakatifu wa Wamisri, wakavizungushia almasi.

Kuna tofauti ya kiufundi ambayo itakusaidia ukitazama picha za kuiga. Kwenye pambo la kifuani la binti mfalme Sithathoryunet, lililopatikana Lahun mwaka 1914, kuna vipande 372 vya mawe, kila kimoja kimekatwa kwa mkono kijae kwenye kichumba chake cha dhahabu. Kilichofanana nacho katika mitindo ya sasa kwa kawaida ni rangi ya enameli iliyomiminwa na kuchomwa. Ukikwaruza kwa ukucha kwenye mpaka wa rangi, jiwe lina mfereji mwembamba pembeni, enameli imepanda ukutani kama uji kwenye sufuria.

Wabunifu wa nguo wamechukua umbo zaidi kuliko ufundi. Galliano alifanya hivyo kwa Dior mwaka 2004, na Chanel walionyesha mavazi yao Desemba 2018 ndani ya ukumbi wenye hekalu la kale la Kimisri la Dendur, hukohuko Metropolitan. Jukwaani kidani kinaweza kuwa bamba gumu, maana mvaaji anatembea dakika mbili na haketi kula pilau. Mteja wako ataketi.

Usishawishike kununua "shanga za mumia" ili kuongeza thamani. Zile za mirija ya buluu zilizokuwa zikitungwa upya na kuuzwa kwa watalii nyingi zilikwanyuliwa kutoka kwenye nyavu za shanga zilizofunika maiti za kale, na sheria namba 117 ya mwaka 1983 ya Misri imepiga marufuku biashara ya mambo ya kale na kuyatoa nchini. Zikiwa za kweli ni kesi, zikiwa za uongo umeibiwa. Kwenye risiti andika "kidani cha mtindo wa wesekhi, shanga za kioo", na jina la Cleopatra mwachie mteja alitamke mwenyewe akipenda.

Kidani ulichonacho usikifumue chote. Safu ya ndani na ya pili huenda hazina kosa kubwa, zipime kwanza. Zihamishie kwenye uzi wa kitani, kisha ongeza safu moja moja kutoka ndani kwenda nje, ukilaza juu ya gazeti kila unapomaliza safu. Safu ya tatu ikianza kuinua ukingo, ongeza shanga hapohapo. Kosa dogo kwenye safu ya tatu huwa kubwa ukifika ya saba. Siku ya kujaribisha, avae gauni lenyewe, siyo fulana, kwa sababu satini inateleza na lesi inang'ang'ania, na gramu za mankheti zitabadilika.